Mwanangu ameambiwa ni mfupi mno kwa hoki ya barafuni

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, naishi hapa Calgary, Canada, tangu 2012. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu hapakaliki, na chanzo ni urefu wa mtoto.

Mwanangu wa kwanza, nimwite Baraka, alikuja huku ana miaka mitatu. Alipokuwa darasa la kwanza shule iliwapeleka kwenye uwanja wa barafu. Siku ile alirudi akala amesimama, hataki kukaa, ananionyesha jikoni na soksi miguuni jinsi alivyoteleza. Tukamnunulia viatu vya mitumba, fimbo ya mitumba, helmeti ya mitumba. Tulidhani itapita kama homa. Haikupita. Sasa anaelekea kutimiza miaka 17 mwezi wa Novemba, anacheza mshambuliaji wa pembeni kwenye timu ya AAA, yaani daraja la juu, ya chini ya miaka 18, na msimu uliopita hakuna aliyefunga mabao kumzidi pale.

Tatizo ni hili: ana sentimita 170 na kilo 65. Walipochaguliwa vijana wa WHL, ligi kubwa ya vijana ya magharibi mwa Canada, akiwa na miaka 14, jina lake halikusomwa. Agosti hii timu moja ya ligi hiyo ikamwita kambini kujaribiwa. Siku ya tatu wakamrudisha. Mtu mmoja wa timu alinifuata kwenye maegesho ya magari, kwa adabu kabisa, akaniambia: "Mama, mikono yake tunaipenda, lakini kwa ligi yetu ni mdogo." Baraka alikuwa ndani ya gari, dirisha wazi. Alisikia. Kilomita mia mbili tulirudi hatujasemezana.

Tangu hapo amebadilika. Namkuta usiku ananing'inia kwenye fremu ya mlango. Anakunywa mayai mabichi. Wiki iliyopita nimeona kwenye simu yake kuna mtu wa jimu anamuuzia sindano za homoni ya kukua. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, hata Messi alichomwa."

Sasa timu ya Junior A, ligi ya vijana iliyo chini ya WHL, kwenye mji ulio mwendo wa saa mbili kutoka hapa, inamtaka. Atakaa kwa familia mwenyeji na kusoma huko. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, amesema basi. Anasema sisi si watu wa barafu, mtoto amalize shule asomee umeme, na kwamba kila mwaka tunatoboa mfuko kwa ajili ya fimbo moja ya dola zaidi ya 300 inayovunjika kwenye mechi ya tatu. Mwezi wa pili mtoto alirudi na nyuzi sita kidevuni baada ya kupigwa kumbo na jitu la kilo 95. Baba yake hajasahau, na mimi sijasahau.

Mjomba, niambie ukweli. Mshambuliaji mfupi anaweza kufika kwenye ligi ya kulipwa, au mwanangu namlisha upepo?

Mama Baraka, Calgary
(jina halisi limehifadhiwa)

—

Marahaba, Mama Baraka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa kazini. Kwa wasionijua, huu ni mwaka wa 19 naendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja mmoja wa mtaani hapahapa Calgary. Watoto nawaona saa 12 asubuhi wakiingia wamebeba mikoba mikubwa kuliko wao, na nawaona wakitoka. Wewe umeomba ukweli, basi nitakupa wote, mtamu na mchungu.

Ndiyo, mshambuliaji mfupi anaweza kucheza hoki ya kulipwa, na anaweza kufika NHL yenyewe, ligi kubwa kuliko zote za hoki. Wapo waliofika. Ila mlango ni mwembamba kwa kila mtu, hata kwa warefu. NHL ina timu 32, na kila timu usiku wa mechi huvalisha washambuliaji 12. Piga hesabu: watu 384 dunia nzima, kutoka Canada, Marekani, Sweden, Finland, Urusi na kwingineko. Urefu wa wastani wa wachezaji wa ligi ile ni kama sentimita 185 na uzito ni karibu kilo 90. Baraka ana pungufu ya sentimita 15 na kilo 25. Yule bwana wa maegesho hakukudanganya alipoutaja udogo. Kosa ni kuuchukulia udogo kama hukumu, na mji huu tunaoishi ungetakiwa uwe wa mwisho kufanya kosa hilo.

Nisikilize, kwa sababu kisa hiki ni cha hapa nyumbani kwenu.

Kila mwaka timu za NHL hupokezana kuchagua vijana, raundi kwa raundi. Mwaka 1987 Calgary Flames, timu ya NHL ya mji huu, ilimchagua kijana anaitwa Theo Fleury, sentimita 168, mfupi kuliko Baraka. Alikuwa wa 166, raundi ya nane. Raundi hiyo siku hizi haipo tena, uchaguzi unaishia raundi ya saba. Miaka miwili baadaye alikuwa ameshika Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, na alipomaliza NHL alikuwa na pointi 1,088, yaani mabao na pasi za mabao zikijumlishwa, katika mechi 1,084. Kwa hiyo Calgary walishaona kwa macho yao kwamba inawezekana.

Halafu akaja Martin St. Louis. Huyu ana sentimita 173. Hakuna timu hata moja iliyomchagua. Alisoma miaka minne Chuo Kikuu cha Vermont, akahangaika kwenye ligi ndogo, na mwaka 1998 Flames wakamsaini. Wakamchezesha mechi 69 kwa misimu miwili. Mwaka 2000 zilipoanzishwa timu mbili mpya, Minnesota na Columbus, Flames walimwacha wazi achukuliwe bure. Hazikumchukua. Flames wenyewe wakavunja mkataba wake kwa kumlipa aondoke. Watu waliokuwa wanamtazama kila asubuhi mazoezini ndio waliomwonyesha mlango. Akaenda Tampa Bay.

Mwaka 2004 ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa pointi na ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora. Fainali ikawakutanisha Tampa Bay na nani? Na Calgary. Flames waliongoza mechi tatu kwa mbili, na mechi ya sita ilikuwa hapahapa Saddledome, uwanja wa Flames. Wakishinda, kombe ni lao. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili tu Canada, nimesimama Barabara ya 17 katikati ya umati wa jezi nyekundu, sijui hata sheria zote za mchezo. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, ikaingia nyongeza ya pili, na nusu dakika baadaye kisahani, ambacho kwenye hoki ndicho mpira, kikaruka kutoka kwa kipa, na mtu mmoja mfupi akakimalizia wavuni. St. Louis. Barabara nzima ikanyamaza. Mzee aliyekuwa kando yangu alivua kofia akasema neno moja: "Yule alikuwa wetu." Siku mbili baadaye Tampa Bay wakabeba kombe. St. Louis aliendelea mpaka akaongoza tena ligi kwa pointi mwaka 2013, akiwa na miaka 37, akastaafu na pointi 1,033, na mwaka 2018 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa hoki.

Nadhani hapo mji ulijifunza, kwa sababu mwaka 2011 Flames walimchagua Johnny Gaudreau, sentimita 175 na mwepesi kama unyoya, akiwa wa 104. Safari hii walimsubiri. Miaka mitatu alikaa chuoni Boston College, wao wakangoja. Msimu wa 2021–22 aliwapa pointi 115. Agosti 2024, wakati huo akiwa amehamia Columbus, aligongwa na gari pamoja na mdogo wake wakiendesha baiskeli New Jersey, wakafariki wote wawili. Ngazi za Saddledome zilijaa maua, fimbo na chupa za kile kinywaji cha rangi ya zambarau alichokipenda. Watu wazima walilia pale. Walimlilia mtu ambaye alipochaguliwa wengi walisema angevunjwa mifupa.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini hawa waliweza, maana hapo ndipo penye msaada kwako.

Jambo la kwanza ni sheria. Zamani beki aliweza kumnasa mshambuliaji kwa fimbo kiunoni na kumburuta kama mbuzi wa mnadani, mwamuzi anatazama tu. Msimu wa 2004–05 haukuchezwa kabisa kwa mgogoro wa wachezaji na wamiliki. Waliporudi, waamuzi waliagizwa kuadhibu kunasa na kushika, na pasi ndefu za kuvuka mistari miwili zikaruhusiwa. Mchezo ukawa wa mbio. Msimu uleule wa kwanza Brian Gionta wa New Jersey, mtu wa sentimita 170, kimo cha mwanao, alifunga mabao 48.

La pili watu hawalioni, wewe mama lishike kwa mikono miwili. Hawa jamaa ni wafupi, lakini si wepesi kama Baraka. St. Louis alicheza akiwa na karibu kilo 80 ndani ya sentimita 173, na mapaja yake yalikuwa gumzo. Cole Caufield wa Montreal naye ni hivyohivyo. Kwenye barafu ufupi wenye uzito ni mzigo kuusukuma, kwa sababu kiini cha mwili kiko chini. Mrefu anayetaka kumpiga kumbo inabidi ainame, na akiinama amepoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo urefu tuuache, huo si kazi yako wala yake. Kazi ni kilo. Kutoka 65 kufika 76 au 78 kwa miaka mitatu minne, kwa chakula na vyuma, inawezekana kabisa kwa kijana wa umri wake. Mayai ayale, lakini yapikwe. Ugali, maharage, dagaa, nyama, maziwa, chapati mbili asubuhi kabla ya shule, na usingizi. Kuning'inia mlangoni hakumrefushi mtu. Mwambie avute mwili mpaka kidevu kivuke fremu, angalau apate mabega.

Na hizo sindano, Mama Baraka, zikome leo, si kesho. Messi aligunduliwa na madaktari akiwa mtoto kwamba mwili wake una upungufu wa homoni ya kukua. Alikuwa mgonjwa, akatibiwa. Baraka hajaambiwa na daktari yeyote kwamba ana upungufu, ameambiwa na muuza dawa wa jimu. Homoni hiyo bila ruhusa ya kitabibu imepigwa marufuku michezoni, na ukipimwa ukakutwa nayo umejifungia mwenyewe mlango unaotaka ufunguliwe. Mpeleke kwa daktari wa watoto, umwombe ampige picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto. Pale daktari huona kama mifupa bado ina nafasi ya kukua au imeshafunga. Vijana wengine hubalehe kwa kuchelewa na kuongeza sentimita kadhaa baada ya miaka 17. Yeye anaweza kuwa mmoja wao, anaweza asiwe. Vyovyote vile, ajue kwa daktari.

Umenitajia Novemba kama jambo la kupita, mimi nimeruka kwenye kiti. Hoki ya Canada inapanga watoto kwa mwaka wa kalenda. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Novemba wanawekwa kundi moja, ingawa wa kwanza amemtangulia mwenzake miezi kumi ya kula na kukua. Mwanasaikolojia Roger Barnsley wa Alberta aliandika juu ya hili tangu miaka ya 1980: ukitazama orodha za timu za vijana wa juu, waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wamejaa kupita kiasi. Mwanao amekuwa kitinda mimba wa darasa lake tangu ana miaka saba, na bado ndiye anayeongoza kwa mabao. Hilo skauti makini anatakiwa kuliandika kwa wino mwekundu. Na lipo jingine: NHL huangalia kama kijana ametimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15 ya mwaka wa uchaguzi. Wenzake wengi wa kundi lake watachaguliwa, au kuachwa, mwaka kamili kabla yake. Yeye ana mwaka mzima zaidi wa kuonekana.

Hapo ndipo inapoingia timu ya Junior A. Ningekuwa mimi, ningemruhusu aende.

Nitakueleza sababu. Angalia njia waliyopita wafupi wengi: St. Louis miaka minne chuoni, Gaudreau mitatu, Gionta minne, Caufield miwili. Fleury peke yake kati ya niliowataja alipita WHL. WHL inacheza mechi 68 kwa msimu, safari za basi usiku kucha, na mwili wa miaka 17 haupati nafasi ya kujijenga. Timu za vyuo Marekani hucheza zaidi Ijumaa na Jumamosi, nusu tu ya mechi hizo, na siku zilizobaki ni vyuma, chakula na darasa. Kwa mrefu haina tofauti kubwa. Kwa mfupi anayehitaji kilo kumi, miaka ile ndiyo dawa. Junior A ni barabara ya kuelekea huko. Cale Makar, beki mzaliwa wa hapa Calgary, alicheza timu ya mji wa Brooks kwenye ligi ya Junior A ya Alberta, akaenda chuo cha Massachusetts, na sasa ni miongoni mwa mabeki bora duniani. Na mlango mwingine haujafungwa. Tangu Agosti 1, 2025 vyuo vinaweza kuchukua hata waliocheza WHL, jambo ambalo zamani lilikuwa mwiko. Kwa hiyo akikua, WHL wakimtaka tena, anaweza kwenda na bado chuo kikabaki pale.

Hili ndilo la kumwambia Baba Baraka, na naomba umwambie kwa upole, maana hofu yake si ya kijinga. Chuo cha daraja la kwanza hakimchukui mchezaji kwa mabao tu. Kinataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4.0, na vyuo vizuri vinataka zaidi ya hapo. Hesabu na fizikia anazotaka baba kwa ajili ya umeme ndizohizo zinazohitajika kwa ajili ya hoki. Kwa miaka hii miwili mitatu baba na mwana wanagombana juu ya barabara mbili ambazo kwa kweli ni moja. Alama zikishuka, anarudi nyumbani, na hilo liandikwe na kila mmoja atie saini. Tena hoki ya vijana ina mwisho wake wenyewe, msimu anaotimiza miaka 20. Baba haombwi kusubiri milele.

Na akifika hapo asipokuwa wa NHL? Wengi hawatakuwa. Lakini ligi ya kulipwa si moja. Kuna Sweden, Uswisi, Ujerumani, na viwanja vya Ulaya vingi ni vipana, mwenye kasi anapata pa kupitia. Mats Zuccarello, Mnorwe wa Oslo mwenye kimo cha St. Louis, hakuchaguliwa na timu yoyote ya NHL. Alikwenda Sweden akacheza timu ya MODO, mwaka 2010 akawa mchezaji bora wa ligi ile, ndipo New York Rangers wakamwita. Wapo wasioitwa kamwe, na bado wanalipwa mshahara kwa kuteleza juu ya barafu na watoto wao wanasoma.

Sasa nataka nikupe kazi, kwa sababu mimi sijamwona Baraka akicheza na wewe unamwona kila wiki. Wazazi wengi hukaa katikati ya uwanja, penye joto, wanahesabu mabao. Mechi ijayo kaa kwenye kona, karibu na kioo. Timu ikitupa kisahani kwenye kona ile na Baraka akakifuata, usitazame mikono yake, tazama shingo. Kabla hajakifikia, je, anageuza kichwa kuchungulia begani, kulia au kushoto? Anayechungulia anajua beki anatokea upande gani, na anageuka kabla hajafikiwa. Asiyechungulia, hata awe na mikono ya dhahabu, atapigwa kumbo na jitu lako la kilo 95. Kisha tazama umbali wake na ukuta. Hatari kubwa ni kusimama hatua moja au mbili kutoka ukutani, kwa sababu ukigongwa hapo unarushwa na kichwa kinatangulia. Awe ameshikamana na ukuta kabisa, au awe mbali nao. Nyuzi sita za kidevuni, ukimwuliza vizuri, nina hakika atakuambia alikuwa hatua moja mbali.

Halafu hesabu. Ameingia kona mara ngapi, ametoka na kisahani mara ngapi. Kuna kijana mmoja pale kwetu, mdogo, miaka 13, hawezi kufika begani kwa wenzake. Kila Jumanne mazoezi yakiisha anabaki na kocha msaidizi ukutani dakika kumi, wanasukumana tu. Mimi nimekaa juu ya mashine nasubiri watoke nianze kazi. Zamani nilikuwa napiga honi. Siku hizi sipigi. Mwanzoni alikuwa anaanguka kila mara. Juzi kocha, mtu mzima wa kilo 85, ndiye aliyekaa chini, na yule mtoto akaondoka na kisahani bila hata kugeuka nyuma. Kama Baraka anatoka na kisahani mara sita katika kumi dhidi ya waliomzidi, ana kitu ambacho ligi yoyote inakihitaji. Kama anatoka mara mbili, basi mabao yake yanatoka kwenye nafasi ambazo juu huko hazipo, na hiyo ndiyo kazi ya mwaka huu.

Baba Baraka anasema sisi si watu wa barafu. Namwelewa, mimi nilikua Kisauni na barafu niliijua ya kwenye soda. Lakini Bokondji Imama, mzaliwa wa Montreal na wazazi wake ni Wakongo, amecheza NHL. Na Nairobi, kwenye kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, walicheza miaka bila hata timu ya kupambana nayo. Mwaka 2018 wakaletwa Canada, na nyota wa NHL Sidney Crosby akavaa jezi yao akacheza nao. Sikufichi pia kwamba Baraka atasikia maneno. Mwaka 2022 mchezaji mmoja wa AHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL, alifungiwa mechi 30 kwa ishara ya kibaguzi aliyomfanyia huyohuyo Imama. Mwambie akisikia kitu asikimeze. Amwambie kocha usiku uleule, na wewe asubuhi.

Familia mwenyeji ndilo jambo lililonikosesha usingizi katika barua yako kuliko sentimita zote. Fleury niliyemsifu hapo juu alieleza mwaka 2009 kwamba kocha wake wa ujanani alimdhulumu kingono, akiwa kijana mdogo mbali na wazazi. Kocha yule alikuja kukiri makosa mahakamani akafungwa. Siku hizi kuna ukaguzi zaidi, lakini mzazi hakabidhi macho yake kwa mtu. Ile nyumba muione, chumba atakacholala mkione, muulize nani mwingine anaishi pale na kama wamekaguliwa na polisi. Ada, vifaa na gharama za shule ziwe kwa maandishi. Mpangie siku mbili za wiki za kukupigia simu kwa Kiswahili, lugha ambayo pale hakuna mwingine anayeisikia, na mkubaliane neno moja ambalo akilitamka, mnapanda gari usiku huohuo.

Mwisho, ile safari ya kilomita mia mbili. Amesikia maneno ya maegesho na hajasikia yako. Msimu wa 2021–22 Caufield alikuwa na bao moja katika mechi 30, watu wanasema ufupi umemshinda. Montreal wakabadilisha kocha, wakamleta St. Louis, ambaye kabla ya hapo alikuwa anafundisha timu za watoto. Chini yake Caufield alifunga mabao 22 katika mechi 37, kwa kimo kilekile. Usimwambie Baraka kwamba atafika NHL, hujui na mimi sijui. Usimwambie kwamba urefu si kitu, atakuona unamdanganya. Mwambie ulikaa kwenye kona, na umwambie ulichokiona.

Siku ya kwenda kuiona ile nyumba nendeni wote watatu, na gari aendeshe baba yake. Ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Wewe kaa kiti cha nyuma.